Uchambuzi wa kisa: propu wa Mombasa aliyelipwa akicheza tu

Kabla sijaanza

Mwenyewe amenipa ruhusa niandike hii, na ameisoma yote kwa awamu nne, maana skrini ikizidi dakika kumi macho humuuma. Jina nimetoa, klabu zake zote nimezitoa, mtaa wa kwao nimeubadilisha na umri nimeusogeza kidogo. Ntamwita Kumi, kwa sababu ya ile jezi. Na nyinyi wa raga ya watu 15 msinirukie, najua kwenu namba 10 ni yule mpiga mateke ambaye mechi yaisha na kaptura yake bado nyeupe, lakini kwenye raga ya watu 13 jezi 8 na 10 kwa desturi ni za mapropu, wale majitu wa katikati. Kumi wakati wake alikuwa kilo 118, ukimpandisha tuktuk dereva akikuangalia vibaya.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni bima, klemu za ajali hasa, na jioni nasaidia kufundisha mafowadi wa shule moja hapa kisiwani. Kwa hivyo nimekitazama hiki kisa kama faili la klemu: hatari ilikuwa ya nani, na nani alilipwa kwa kuibeba.

Alikotoka

Amelelewa na shangazi yake hapa Mombasa, mamake akiwa Uingereza kwa kazi ya unesi. Raga alianza sekondari, hii ya watu 15 tunayocheza sote, na kila Driftwood Sevens, yale mashindano ya raga ya watu saba, ikifika alikuwa pale Mombasa Sports Club tangu asubuhi, na viazi karai kwenye gazeti. Alipofika miaka 17 mamake akamchukua, wakaishi mji mmoja mdogo Yorkshire, na wiki ya kwanza tu akaenda kutafuta timu akakuta raga ipo lakini si ile anayoijua yeye.

Kwa asiyejua: tarehe 29 Agosti 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza, ishirini na kitu hivi, zilikubaliana pale George Hotel, Huddersfield, kujitoa kwenye chama cha raga, na ugomvi wenyewe ulikuwa pesa. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo, Jumamosi ni siku ya kazi, ukienda kucheza mshahara wakatwa, sasa klabu zikataka kumfidia mtu ile siku aliyoipoteza na wakubwa wa chama wakakataa. Hii iwekeni akilini, ntairudia. Baadaye wakapunguza wachezaji wawe 13, wakaondoa lainauti, na skramu ya siku hizi ni ya kuegemeana tu. Timu ikiwa na mpira hukabwa mara sita, baada ya hapo waupa upande wa pili, na kila mkabo ukiisha wale wanaolinda warudi nyuma mita 10. Hizo mita 10 ndizo kazi ya propu. Mpira wa kuanza ukipigwa, yeye ndiye huupokea ama kupewa wa kwanza, akakimbia kwa nguvu zote kuelekea ukuta wa watu watatu ambao nao wanamjia kwa nguvu zote. Akiamka anarudi kwenye mstari, na upande wa pili wakipata mpira yeye ndiye anayekaba hapo katikati, mkabo baada ya mkabo, kisha dakika ishirini na kitu zikifika anatolewa, anapumua kwenye benchi, anarudishwa.

Wakenya kule walishatangulia. Edward Rombo alicheza Dewsbury na Featherstone, Lucas Onyango akacheza Widnes na Oldham. Wote wawili mawinga, watu wa mbio. Kumi hakuwa na mbio. Alikuwa na mwili tu, na roho ya kutochoka.

Yaliyotokea

2012 alisaini klabu ya daraja la pili. Daraja lile wengi huwa nusu-nusu, mchana una kazi yako jioni mazoezi, na yeye mchana alikuwa anasomea ufundi umeme kwa mkandarasi mmoja, anavuta waya kwenye nyumba mpya. Jumanne na Alhamisi mazoezi, Jumapili mechi, Jumatatu asubuhi yuko juu ya ngazi na mbavu zinauma. Asema ndio miaka aliyokuwa na furaha zaidi na mimi namuamini, maana akiizungumzia hunyoosha mgongo.

2016 klabu ya ligi kuu ikamtaka, kazi ya kutwa. Akaacha umeme bado mwaka mmoja amalize.

Miaka miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Alikuwa anatuma pesa kila mwezi, na shangazi, ambaye hajasomea chochote zaidi ya darasa la saba, alikuwa anaandika kila shilingi kwenye daftari la mraba lenye jedwali la hesabu nyuma. Matofali, mchanga, fundi, chai ya fundi. Ndio, chai ya fundi ina safu yake. Nyumba ya vyumba sita, ile ya Kiswahili ya kawaida yenye ukumbi katikati, ya kupangisha chumba chumba.

Kisha ikaja mechi ya 2018. Video yake nimeiangalia labda mara ishirini. Dakika ya 14, propu wa upande wa pili anakuja, Kumi anashuka kumkaba, na kichwa chake kinaenda mbele ya nyonga ya yule mtu badala ya kubaki nyuma. Basi. Si ngumi, si bega la uso, ni nyonga tu inapita na kichwa kipo njiani. Anaanguka kifudifudi na mkono mmoja umenyooka mbele, ule mkono mtu wa raga akiuona anajua ubongo umetikisika. Fiziyo, mtabibu wa timu, anafika, anapiga goti, anamuuliza yale maswali ya kawaida: tuko uwanja gani, hiki ni kipindi cha ngapi, nani amefunga mwisho, wiki iliyopita tulicheza na nani, tulishinda? Uwanja ulikuwa wa kwao, hilo rahisi. Kipindi na matokeo alivisoma kwenye ubao mkubwa uliokuwa nyuma ya bega la fiziyo, na kwenye video waona macho yake yanapanda juu kidogo kila akiulizwa. Akasimama. Akaendelea mpaka dakika ya 31, akapumzishwa kwa zamu yake ya kawaida, akarudi kipindi cha pili. Mapumziko ya kati hayakumbuki hata kidogo. Jumatatu kwenye kikao cha video ndipo alipojua kwamba baada ya kile kichwa alikaba mara 19, na watu wakampigia makofi.

Walishinda. Bonasi ikaingia.

2019 ligi kuu ya kule ikapunguza mabadiliko ya wachezaji, kutoka 10 kwa mechi kuwa 8 (Australia walishafanya hivyo tangu 2016). Nambari ndogo hiyo, mtu wa nje haoni kitu, lakini maana yake ni kwamba propu mzito wa dakika ishirini ishirini thamani yake imeshuka, makochi wanataka propu mwepesi wa dakika hamsini. Kumi akaambiwa apunguze mwili. Akashuka mpaka kilo 109, na alipofika huko nguvu za kuvunja ule ukuta nazo zikapungua, na usiku hapati usingizi, na ile ya usingizi hakumwambia mtu. Mwisho wa msimu akaachwa.

Akarudi daraja la pili. 2020 korona ikaja, msimu wa daraja lile ukafutwa kabisa, na mshahara wa msingi ukakatwa. 2021 akapigwa kichwa mara mbili, moja akatolewa, ya pili akaificha. 2022 mkataba haukuongezwa. 2023 yuko Mombasa, amevaa kofia ya Yankees mpaka ndani ya nyumba kwa sababu mwanga wa mabati ya jirani saa sita mchana humpasua kichwa.

Maamuzi, na kwa nini

La kuacha umeme silihukumu sana. Miaka 20 na kitu, ligi kuu imekuita, mwaka mmoja wa kuvuta waya nani ataukumbuka? Isipokuwa hakuna aliyemwambia aulize kama aweza kuumaliza kidogo kidogo, na klabu nazo hazina sababu ya kukwambia.

La mkataba ndilo nililokaa nalo usiku mzima. Alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki ina karatasi zake zote, na katika ile saa moja aliniuliza mara tatu kama nataka chai, hali ofisi ni yangu. Mkataba wa daraja la pili ulikuwa hivi: pesa ya msingi ndogo, pesa ya kucheza mechi, na pesa ya kushinda, na ile ya kushinda ni karibu mara tatu ya ile ya kushindwa. Ukiumia, msingi walipwa wiki kadhaa halafu wapungua, na hizo nyingine mbili ni sufuri tangu siku ya kwanza. Wa ligi kuu ulikuwa na msingi mzuri zaidi, lakini kuongezwa kwake kulitegemea idadi ya mechi alizocheza. Sasa mtu wa bima ukiuona mkataba kama huo waelewa haraka sana. Umeandikwa ili mwenye kichwa kinachouma ndiye mwenye hamu kubwa zaidi ya kusema hakiumi.

La kuficha, basi, nilimuuliza moja kwa moja. Hakunipa hotuba. Akasema, "Kaka, nyumba ilikuwa imefika lenta. Nilikuwa nahesabu mabati." Kisha akanambia lililonishtua zaidi ya yote: kabla ya msimu wachezaji hupimwa akili kwenye kompyuta, kumbukumbu, kasi ya kujibu, ili ukigongwa wakulinganishe na matokeo yako ya uzima. Mchezaji mmoja mzee alimfundisha mwaka wa kwanza kwamba ule mtihani ufanye polepole, kosea kosea makusudi, ili siku umegongwa usionekane umeshuka. Akafanya hivyo kila mwaka. Kwa hivyo leo hata kile kipimo kimoja ambacho kingemsaidia daktari kujua amepoteza kiasi gani, mwenyewe alikiharibu tangu 2016.

Na la mwisho ni langu. Kumi aliporudi nilifurahi mno, mchezaji wa kulipwa mzima kiwanjani kwetu, nikamuomba awaonyeshe vijana kukaba. Sikumuuliza kitu, mimi, mtu wa klemu, ninayeuliza watu maswali kutwa. Akawaonyesha vizuri, goti, bega, kichwa nyuma ya nyonga, kisha kijana mmoja wa kidato cha tatu mwenye kiherehere akamwendea kwa kasi kuliko tulivyopanga. Hakuumia mahali, wala hakuangukia kichwa, mwili ulitikiswa tu. Dakika tano baadaye nikamkuta nyuma ya mwembe anatapika, na mkono ameuegemeza kwenye mti kama mtu anayesubiri feri. Shangazi yake nilipompigia alinijibu kwa sauti ndogo: "Yuwatapika hivyo toka arudi. Nilidhani ni chakula."

Alipo sasa

Alipelekwa kwa daktari wa neva. MRI ilitoka safi, na hapa familia ilifurahi nikalazimika kuwakata furaha, kwa sababu mtikisiko wa ubongo kawaida hauonekani kwenye picha. Na ule ugonjwa ambao kila mtu anaogopa kuutaja, CTE, wa ubongo kuharibika kwa kugongwa kichwa mara nyingi, hauthibitishwi mtu akiwa hai, ni mpaka ubongo uchunguzwe baada ya kufa. Steve Folkes, aliyekuwa fowadi na baadaye kocha kule Australia, alifariki 2018 akiwa na miaka 59, na ilipofika 2019 ndipo ikatangazwa kwamba alikuwa nao. Kwa hivyo sisemi Kumi anao na hakuna anayeweza kusema. Ninachoweza kusema ni kwamba amepigwa marufuku kugongana, analala kwa saa maalum, anatembea Mama Ngina jua likishuka, na kuumwa kichwa kumepungua kutoka kila siku hadi wiki mara mbili hivi.

Pesa za mpira hazipo. Vyumba sita vipo, vitano vina watu na cha sita mpangaji ana maneno mengi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwenye kisa chote hiki ni daftari la shangazi. Nasema bila utani. Mtu alikuwa na ejenti, na mhasibu wa klabu, na mama aliyesoma, lakini kitu pekee kilichobaki kimesimama ni kile alichokisimamia mwanamke mmoja kwa kalamu ya bei rahisi, kwa sababu aliuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: hizi pesa zikikoma tutakula wapi? Hakujua raga. Alijua tu kwamba mwanamume anayelipwa kwa nguvu za mwili siku moja nguvu huisha, babake Kumi alikuwa mpagazi bandarini.

Kilichofeli, watu hupenda kusema ni ile nyonga ya 2018. Mimi sikubali. Mchezaji anayekaba huwa hatarini zaidi kupata mtikisiko kuliko anayekabwa, hilo makochi wanalijua, na propu ni miongoni mwa wanaokaba sana, kwa hivyo kichwa cha propu kugongwa si ajali ya kushangaza, ni gharama ya kazi inayojulikana kabla mechi haijaanza. Gharama inayojulikana mtu huipangia bei. Kwenye bima hatusemi gari la mizigo "likipata bahati mbaya" ya kuchakaa tairi. Hapa bei haikupangwa, ikaachwa ikae ndani ya kichwa cha mwenye kichwa, halafu akaulizwa yeye, akiwa amelala kwenye nyasi, kama yuko sawa.

Na ndio maana nilisema muikumbuke 1895. Mchezo huu ulizaliwa kwa sababu watu walikataa mchimba makaa apoteze mshahara kwa ajili ya kwenda kucheza. Miaka zaidi ya 120 baadaye mkataba wa Kumi ukafanya kinyume, apoteze mshahara kwa ajili ya kukaa nje ili apone.

Mabadiliko yapo, tusiwanyime haki yao. NRL, ligi kuu ya mchezo huu kule Australia, tangu 2023 mchezaji akipata mtikisiko lazima akae nje siku 11 kwa kawaida, hata yeye akisema yuko fiti. Hiyo naiona nzuri kwa sababu inamtoa mchezaji kwenye kiti cha hakimu. Lakini siku 11 zinamsaidia aliyetolewa, hazimsaidii anayesoma ubao nyuma ya bega la fiziyo, na huyo ataendelea kusoma ubao mpaka siku ya kukaa nje ilipwe sawasawa na siku ya kucheza. Hii ni hesabu tu, wala haihitaji kongamano.

Kuna jingine la klabu zenyewe. Vijana wetu wakisikia klabu ya kulipwa wafikiria serikali. Bradford Bulls ilikuwa miongoni mwa klabu kubwa kabisa za mchezo huo, imechukua ubingwa wa ligi kuu zaidi ya mara moja, na Januari 2017 ilivunjwa kwa madeni, ikaundwa upya na kuanza msimu ikiwa pointi 12 chini ya sufuri. Mkataba wako, hata ukiwa mzuri, ni mzuri kama yule aliyeusaini upande wa pili.

Sasa siku hizi kijana akija na karatasi, wameshakuja wawili, mmoja wa sevens na mmoja wa mpira wa miguu anaenda Uarabuni, sisomi kwanza mshahara. Namuuliza akitibiwa wiki nane atakuwa anapata ngapi wiki ya tisa, na kama daktari atakayemwambia acheze analipwa na nani, na kazi yake nyingine ni ipi. La tatu huwaudhi sana. Yule wa mpira alinuna akaondoka na bahasha yake.

Kumi naye amerudi kwenye waya. Alifanya mtihani wa ufundi umeme wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, vitendo akapasi vizuri, mwalimu akamsifu mkono wake mtulivu. Ya kuandika hakupasi, asema swali la pili alilisoma mara nne na kila akifika mwisho mwanzo umeshatoka. Shangazi sasa humsomea maswali ya zamani jioni barazani, yeye anajibu kwa mdomo na macho ameyafumba, na jibu likiwa sawa bibi huyo huweka tiki kwenye daftari lile lile, kwenye kurasa za nyuma, baada ya chai ya fundi.